Shahidi Hutoka Mtaa wa Pili

Vijana wa Kijenge mnaniita Mzee Spika, na wengi wenu mnadhani ni kwa sababu ninaongea sana. Hilo nalo lipo. Lakini jina lenyewe lilitoka kazini. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa mtangazaji wa gari la matangazo, lile lenye spika za tarumbeta juu ya paa, linalopita mitaani polepole likikuambia ulalie godoro gani, uende kuangalia mechi gani na kura yako umpe nani. Nimestaafu, sauti imechakaa, na gari lilishauzwa kipande kipande. Nilidhani nimemalizana na kazi hiyo. Halafu ikaja kunikuta sebuleni kwa dada yangu, safari hii ikiwa ndani ya simu yake, na ilikuwa inataka kumpokonya mguu. Ndiyo maana nawaandikia, na naomba mnisome mpaka mwisho.

Dada yangu anaitwa Ruthi. Ndiye aliyenibeba mgongoni kule kijijini Akheri mama akiwa shambani, na mpaka leo nikifika kwake natoa shikamoo kabla sijavua kofia. Ana ugonjwa wa sukari. Kwa miaka mingi alikuwa anameza vidonge vyake bila kukosa, anahudhuria kliniki, anakunywa chai isiyo na sukari huku akinikata jicho mimi ninayejaza vijiko. Msimu wa baridi uliopita nikamkuta amefunga kitambaa mguuni. Akasema ni kidonda kidogo tu, kiatu kilimchubua kidole. Nikamuuliza kliniki wamesemaje. Akanijibu kwamba haendi tena, na vidonge ameacha.

Alikuwa anatumia unga wa mizizi. Akaniletea kopo lake kutoka kabatini, alikuwa amelihifadhi pamoja na vikombe vya wageni. Kisha akanisikilizisha sauti aliyotumiwa kwenye kundi la kwaya ya kina mama. Mwanamke alikuwa anaongea taratibu, kwa sauti ya mtu mzima aliyeteseka. Alisema ni mama wa watoto wanne, anatokea Ngaramtoni, mji mdogo usio mbali na kwetu, sukari ilimsumbua mpaka madaktari wakataka kumkata mguu, ndipo jirani akamwambia habari za huu unga. Hapo akanyamaza kidogo, akavuta pumzi, halafu akataja jina la unga.

Pumzi ile naijua. Nilifundishwa kuivuta mahali pale pale.

Aliyenifundisha ni Mzee Athumani, mwenye gari. Familia yake ilitoka Tanga zamani ikaweka makazi mtaa wa Kaloleni, na Kiswahili chake kilikuwa kinanitia aibu mimi Mmeru niliyezoea kuongea Kimeru nyumbani. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ananipiga gotini kila nikikosea. Somo la kwanza kabisa lilikuwa hilo la kunyamaza. Ukikaribia jina la bidhaa, alisema, funga mdomo uvute pumzi. Mama aliyekuwa anafua ataacha kufua ili asikie kinachofuata, na akishaacha kufua ni wako. Nilifanya mazoezi hayo mpaka nyumbani nikawa naombea chakula kwa staili hiyo, mke wangu akaniambia nimshukuru Mungu kama watu wengine.

Somo la pili nililipata kwa aibu. Tulikuwa tunatangaza magodoro, na maneno yalikuwa kwamba watu wa Kaloleni wameyagombania mpaka yamekwisha, sasa ni zamu yenu. Maneno hayo tuliyasema Levolosi, tukayasema Kijenge, yakaenda vizuri. Tukazunguka, na mimi kwa kunogewa nikayasema tena kwa sauti yote, bila kuangalia nje kwamba tumeshaingia Kaloleni. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo akasogea dirishani. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani hao wa Kaloleni waliogombania, maana yeye ana miaka pale na hajaona godoro hata moja likipita. Watu wakacheka. Mzee Athumani alicheka mpaka akasimamisha gari, akaegemea usukani. Alipopata pumzi ndipo akanipa kanuni ambayo nawapa leo kama alivyonipa.

"Sifa uitoe mtaa wa pili," alisema. "Na shahidi naye atoke mtaa wa pili. Akitoka hapa hapa, watamuuliza. Akitoka mbali sana, hawatamjali. Awe wa karibu wamwamini, asiwe wa karibu wamfikie."

Kanuni hiyo haijazeeka. Simu zimebadilika, tarumbeta limekuwa kitu cha mfukoni, lakini shahidi bado anatoka mtaa wa pili. Mkisikia "watu wote wa Moshono sasa wanatumia hii", jiulizeni kwa nini mtangazaji hakusema watu wa kwenu. Huenda ni kwa sababu kwenu mngechungulia nje mkaona.

Mambo ya kazi ile yalikuwa mengi na mengine yalichekesha. Kuna duka moja la viatu tulilolitangazia "leo ndiyo mwisho wa ofa" kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliokuwa wanakimbia nyuma ya gari walifika sekondari ofa haijaisha. Mkinunua kwa sababu ya haraka, haraka hiyo si yenu, ni ya muuzaji. Anajua mkilala nayo usiku mmoja mtapata akili. Kitu kizuri leo kitakuwa kizuri na kesho, na asiyetaka usubiri kesho ana sababu zake.

Msimu wa kampeni ulikuwa ndio wa mavuno. Asubuhi tulikodiwa na mgombea mmoja, mchana na mpinzani wake, na wote wawili walitaka tuseme maneno yale yale: huyu ni mwenzenu, mtoto wa mama muuza ndizi, anayajua maisha yenu. Nilibadilisha jina tu. Wote wawili nilikuwa nawafahamu, na hakuna aliyewahi kubeba mkungu kutoka shamba mpaka barabarani. Tena hata angeubeba, kubeba mkungu hakumfundishi mtu kusimamia maji ya kata. Msikilizaji akiguswa na ndizi, anasahau kuuliza habari ya maji.

Mwenzetu mmoja, ambaye alikuwa na gari lake na simtaji jina, aliuza dawa ya kikohozi akiwa amevaa koti jeupe na kujiita daktari. Koti lile lilikuwa la shemeji yake mwenye bucha, na ukisogea karibu uliona doa mfukoni. Lakini nani alisogea? Watu waliona weupe, wakanyamaza kwa heshima. Aliiuza dawa hiyo mwezi wa saba, mji mzima ukikohoa kwa baridi inayoshuka kutoka mlima Meru. Mwezi wa nane ukiishia jua likatoka, vikohozi vikaenda zake kama vinavyoenda kila mwaka, na jamaa akapita tena mitaani akiomba ushuhuda. Ushuhuda ukamiminika. Waliokunywa walipona. Waliokuwa hawajanywa walipona pia, ila hao hakuna aliyewasogezea kipaza sauti. Wanangu, nawaomba muwatafute hao. Kila mtu akikuambia alitumia akapona, ulizia wale ambao hawakutumia wamekuwaje, na wale waliotumia wasipone wako wapi.

Mzee Athumani alimkatalia dawa kila aliyekuja nayo. Magodoro, viatu, mechi, siasa, hayo alisema ni sawa, mtu akikosea atalala vibaya au atasubiri uchaguzi mwingine. Dawa hapana, kwa sababu anayekosea kwenye dawa anaweza asipate nafasi ya kukasirika. Alishika msimamo huo hata siku ambazo gari lilikaa bila kazi, na mimi nilinuna kweli, kwa sababu nilikuwa kijana na nilitaka gari litembee. Leo nashukuru kwamba alikuwa mgumu kuliko mimi.

Sasa turudi sebuleni kwa dada. Siku ile nilifanya kosa ambalo nyie pia mnalifanya na bibi zenu kila siku: nilipandisha sauti. Nilimwambia ni uongo mtupu, nimeifanya kazi hiyo, najua, huyo mama wa Ngaramtoni hayupo, na yeye mtu mzima anawezaje kuingizwa mjini kirahisi hivyo. Dada yangu alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akanyanyuka, akarudisha kopo kabatini, akaniambia chai inapoa. Akaongeza kwamba aliyemtumia ile sauti ni mwimbaji mwenzake, mama mcha Mungu asiyeweza kumtakia mabaya. Na kwenye kundi walishaambiwa mapema kwamba watatokea watu wa kuupinga unga, kwa kuwa hospitali hazitaki watu wapone.

Unaona jinsi walivyoufunga mlango? Kila atakayepinga ameshapewa jina baya kabla hajafungua mdomo, hata mdogo wake wa tumbo moja. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yangu nusu ilikuwa juu yangu. Nilikuwa nimemwambia dada yangu kwamba ni mjinga, hata kama sikulitamka neno hilo. Mtu akiambiwa hivyo, anaulinda uongo ili aulinde uso wake. Na yule mwenzake wa kwaya alikuwa mwema kweli, hilo sikuwa na ubishi nalo. Tatizo ni kwamba wema wake ulikuwa umeyabeba begani maneno asiyojua yalikotoka, yakaingia naye nyumbani kama mgeni aliyekuja na mwenyeji.

Siku zikapita na kitambaa cha mguuni kikawa kikubwa zaidi. Akaanza kuukalisha mguu juu ya stuli. Niliogopa, na siwafichi, niliogopa mpaka nikakosa usingizi. Ndipo kanuni ya Mzee Athumani ikanirudia, nami nikaamua kuigeuza. Kama shahidi ameumbwa asifikiwe, dawa yake ni kumfikia.

Nikaenda kwa dada nikiwa mpole. Nikamwambia nimefikiri, na nimeona huyu mama wa Ngaramtoni ametusaidia sana, si vizuri kukaa bila kwenda kumshukuru. Twende tukamsalimie, tumpelekee na ndizi, tumuulize yeye kidonda chake kilichukua muda gani. Dada yangu hapo hakuwa na la kupinga. Sisi tumelelewa hivyo, mtu akikutendea jema unakwenda kwake na mkono wenye kitu. Akanitazama kwa muda akitafuta hila usoni mwangu, kisha akasema nimtafutie ndizi nzuri, zisiwe zimeiva sana.

Tulifika Ngaramtoni siku ya soko. Dada alitembea polepole, mimi nimebeba ndizi, na tukaanza kuuliza. Tulimuuliza muuza viazi, tukawauliza kina mama wa mbogamboga, tukamuuliza fundi cherehani anayejua kila anayepita. Mama mwenye watoto wanne, aliyekuwa akatwe mguu, akapona kwa unga. Watu walifikiri kwa nia njema kabisa, wakatajiana majina, wakakataa wenyewe. Mimi niliung'ata ulimi nisiseme nilichokuwa nakijua.

Mwishoni tukaelekezwa kwa mama mmoja muuza maharage, mzee wa rika la dada yangu, wanamwita Mama Lomayani. Walisema yeye ana sukari, kwa hiyo wenye sukari wenzake atakuwa anawajua. Tulimkuta amekaa nyuma ya magunia yake. Dada akamsalimia, akajitambulisha, akasema tumetoka Kijenge. Mama Lomayani akachangamka, akamshika mkono dada yangu kwa mikono yake miwili.

"Mmetoka Kijenge," alisema. "Basi ni Mungu amewaleta. Mtakuwa mnamjua yule mama wa kwenu aliyepona sukari kwa ule unga. Nilikuwa nataka nije nimshukuru, ila mguu hauniruhusu."

Dada yangu aligeuka akanitazama. Mama Lomayani, akidhani hatujaelewa, akatoa simu yake kwenye kanga akaiwasha. Sauti ikatoka, ile ile, taratibu, ya mtu mzima aliyeteseka. Mama wa watoto wanne, anatokea Kijenge. Madaktari walitaka kumkata mguu. Jirani akamwambia. Halafu kimya kidogo, halafu pumzi, halafu jina.

Nilimwangalia dada yangu. Nilikuwa nimejiandaa siku zote hizo kusema "nilikuambia", na nawaambieni kweli, neno hilo lilinitoka kabisa kichwani. Alikuwa anautazama mguu wa Mama Lomayani, uliokuwa umefungwa kitambaa kama wake, umewekwa juu ya debe lililopinduliwa. Akanipokea zile ndizi. Akaziweka kwenye mapaja ya Mama Lomayani.

"Mama," akamwambia, "vidonge umeacha?"

"Tangu nianze unga."

"Na mimi hivyo hivyo," dada akasema. "Huyo mama wa Kijenge hayupo. Kijenge ni kwangu. Mimi nimekuja hapa kumtafuta wa Ngaramtoni."

Wakatazamana wale wanawake wawili. Kila mmoja alikuwa ameacha dawa zake kwa kumwamini mama wa upande wa mwenzake ambaye hajawahi kuwako. Mama Lomayani aliangalia simu yake, akaangalia ndizi, kisha akafunika uso kwa kanga. Dada yangu hakumwambia amekuwa mjinga. Hakumwambia chochote kati ya yale niliyomwambia yeye. Aliinama kwa shida akamshika mkono na kusema, "Inuka mama, twende wote. Tukigombezwa tugombezwe pamoja."

Na walikwenda. Mimi ndiye niliyebaki kuangalia maharage mpaka binti yake alipokuja, na niliyauza vizuri kuliko alivyozoea, nikimwambia kila mteja aniangalie vizuri, mimi ni wa hapa hapa gunioni na wala sina haraka.

Walipofika kliniki muuguzi aliwafokea wote wawili kwa usawa. Walirudishiwa vidonge, vidonda vikasafishwa, wakapangiwa kurudi. Cha Mama Lomayani kilifunga chenyewe baada ya muda. Cha dada yangu kilikuwa kimechelewa, na kidole kimoja hatukukiokoa. Nililia siku hiyo kwenye korido ya hospitali, mzee mzima, sikujali nani ananiona. Lakini mguu upo. Anatembea nao kwenda kwaya.

Wajukuu zangu huniuliza ningewafundisha nini cha kufanya na yote yanayoingia kwenye simu zao. Siwezi kuwapa orodha, kwa sababu wanaotunga ni wajanja kuliko orodha. Ila mnaweza kuufanya mwili wenu uzoee jambo moja. Ukisikia maneno yamekuogopesha, au yamekufurahisha mpaka kidole kinataka kutuma kwa wengine hapo hapo, simama kwanza. Mimi nililipwa kuwafanya watu wahisi kabla hawajafikiri, na nilikuwa hodari. Halafu uliza swali ambalo mama wa mihogo aliniuliza pale Kaloleni: ni nani huyo, na anapatikana wapi? Ukishindwa kumfikia, usimpe nafasi ya kumfikia bibi yako. Na ukimkuta bibi yako ameshafikiwa, shusha sauti, chukua ndizi, mwambie twende tukamwone. Itakugharimu siku nzima na miguu itachoka. Mimi bado niko tayari kuifanya safari hiyo na yeyote kati yenu, nikiwa hai.

Dada yangu naye ana namna yake. Wiki aliyotoka hospitali alichukua simu, akabonyeza mahali pa kurekodi, akaongea na kundi lake la kwaya. Sikumfundisha chochote, na alikosea kila kitu: aliongea haraka, alikohoa katikati, hakunyamaza pale panapotakiwa kunyamaza. Alieleza habari za unga, za Mama Lomayani na za kidole chake. Kisha akamalizia kwa maneno ambayo katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumsikia shahidi hata mmoja akiyasema.

"Mimi ni Ruthi," alisema. "Nakaa Kijenge, nyumba ya geti la kijani nyuma ya kisima. Asiyeniamini aje aniulize. Nipo nyumbani, mguu nimeuweka juu ya stuli."